KAZI YA MSAIDIZI WA DARASA: NANI ANAIWEZA, NA KWA NJIA GANI?



Tangu barua ya dada yetu ilipobandikwa kwenye ukuta karibu na ofisi, maulizo hayaishi. Yule dada alimaliza masomo yake hapa kwetu, leo anakaa Marekani katika jimbo la Illinois, na kazi yake ni msaidizi wa darasa kwa watoto wenye ulemavu. Anayo karatasi ya serikali inayomruhusu. Wengine walicheka: "Kukaa karibu na mtoto kwenye banki, ile nayo ni kazi ya kutafutia cheti?" Wengine, hasa sisi wa mwaka wa mwisho tunaotafuta njia nyuma ya Ekzama ya Taifa, tuliuliza diploma gani inatakiwa. Na iko ulizo la tatu, la Bwana Prefe mwenyewe, nalo halihusu Marekani hata kidogo: nani atakaa karibu na ndugu yetu wa mwaka wa saba kuanzia mwezi ujao? Sisi makapita tumeombwa kujibu. Basi tunaandika yote pamoja, juu ya kwamba mambo haya yanafungana.

Kule Marekani kazi hii haikuanza kwa wema wa walimu. Ilianza kwa mashitaka. Mbele ya 1975, katika majimbo mengi, shule iliweza kumwambia mzazi: mtoto wako haoni, au hasikii, au akili yake inakwenda polepole, basi kaa naye nyumbani. Wazazi wa Pennsylvania walikwenda mbele ya hakimu, na wazazi wa mji wa Washington vilevile, na katika miaka ya 1971 na 1972 walipata haki yao. Nyuma ya hayo, tarehe 29 Novemba 1975, Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria ya elimu ya watoto wote wenye ulemavu. Ndani ya ile sheria wabunge waliandika hesabu iliyotushangaza sana: watoto wenye ulemavu ni zaidi ya milioni 8, na katika hao milioni 1 walikuwa nje ya shule kabisa. Nchi yenye mali namna ile! Tulizoea kusikia kwamba shida ya shule ni umaskini tu. Leo watoto na vijana wanaosaidiwa na sheria hiyo ni zaidi ya milioni 7, toka miaka 3 mpaka 21.

Sheria ilileta vitu viwili ambavyo bila kuvijua hatuwezi kuelewa kazi ya msaidizi. Kitu cha kwanza ni mpango wa mtoto mmoja mmoja. Kila mwaka wazazi, walimu na wakubwa wa shule wanakaa pamoja na kuandika: mtoto huyu anaweza nini leo, tunataka aweze nini mwaka kesho, na atasaidiwa na nani, saa ngapi. Karatasi ile si barua ya kuomba huruma. Shule isipoifuata, mzazi anaweza kuishitaki. Kitu cha pili: mtoto asiondolewe kati ya wenzake kama anaweza kusoma pamoja nao akisaidiwa. Kumpeleka mahali pa peke yake ni njia ya mwisho, si ya kwanza.

Hapo ndipo msaidizi anaingia. Mwalimu mmoja mbele ya watoto 25 hawezi kusimama kila dakika karibu na yule asiyeweza kushika biki. (Wenzetu watacheka kusoma 25. Hapa mwaka wa saba A wako zaidi ya 60.) Mwaka 1997 sheria ilipotengenezwa upya, iliandikwa wazi kwamba wasaidizi wanaweza kutumika, lakini wawe wamefundishwa na wawe chini ya macho ya mwalimu. Pesa nayo ni hadithi nyingine. Serikali ya Washington iliahidi tangu 1975 kulipa, kwa kila mtoto mwenye ulemavu, hata asilimia 40 ya gharama ya wastani ya mwanafunzi mmoja, na mpaka leo haijatimiza ahadi hiyo. Majimbo na miji ndiyo inayobeba mzigo, na kwa hiyo mshahara wa msaidizi ni mdogo. Dada anasema wazi kwamba wengi wa wenzake wana kazi nyingine ya jioni. Tunaandika neno hili mapema ili mtu asianze kuhesabu dola kichwani.

Sasa ile karatasi. Majimbo ya Marekani hayafanani, kila moja lina desturi yake; mengine yanatoa cheti kabisa, mengine yanaachia shule kuchagua. Lakini iko sheria ya 2002 juu ya shule zinazopokea pesa za serikali kwa ajili ya watoto maskini, na sheria iliyokuja nyuma yake, ya 2015, haikuondoa neno hilo. Msaidizi anayefundisha katika shule hizo awe kwanza na diploma ya shule ya sekondari. Tena awe na kimoja kati ya vitu hivi: miaka 2 ya masomo ya juu, au diploma ndogo ya chuo, au awe ameshinda ekzama inayoonyesha kwamba anaweza kusaidia katika kusoma, kuandika na hesabu.

Ekzama inayojulikana sana inaitwa ParaPro. Ina maulizo 90, saa mbili na nusu. Sehemu ni tatu: kusoma, hesabu, kuandika. Maulizo mengine yanapima kama wewe mwenyewe unajua, na mengine yanapima kama unaweza kumsaidia mtoto ajue, na hiyo ndiyo tofauti tuliyopenda. Kwa mfano, mtoto amefanya kutoa akasahau kukopa: si kazi yako kuandika jibu, ni kazi yako kuona alipopotea. Pointi zinahesabiwa toka 420 mpaka 480, na kila jimbo linaweka mpaka wake. Illinois nao wana mpaka wao. Hesabu yenyewe, dada anasema, haipiti ile tuliyofundishwa hapa. Kilichomsumbua ni Kiingereza.

Texas wanafanya namna nyingine, kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza unahitaji diploma ya sekondari na kuwa umezoea kufanya kazi na watoto au wazazi, ngazi ya pili na ya tatu unaongeza masomo ya chuo. Mahali pengi wanachukua alama za vidole na kutazama kama hukufungwa kwa kosa, hasa kosa juu ya watoto. Wala tusicheke neno hili. Mtoto asiyeweza kusema, au asiyeona ni nani anamshika, anahitaji mtu aliyechunguzwa kuliko mtoto mwingine yeyote.

Na Diploma yetu ya Taifa, inafaa kule? Haitupwi. Unaipeleka, pamoja na pointi za miaka yako, ikiwa imetafsiriwa kwa Kiingereza, kwa ofisi zinazolinganisha diploma za kigeni na za kwao. Kwa hiyo tunzeni biletini zenu, wenzetu! Mtu aliyefungia karanga kwa biletini ya mwaka wa tano atalia siku moja. Jambo lingine lililotufurahisha: Kiswahili chetu kina kazi pale. Wakongo wengi walipokelewa Marekani kama wakimbizi katika miaka hii ya nyuma, na sheria inataka mzazi apewe habari ya mtoto wake katika lugha anayoielewa, tena awe na mtu wa kumtafsiria pale wanapokaa kuandika mpango. Dada alianza hivyo. Aliitwa mara moja kutafsiria mama mmoja wa Fizi, wakaona anavyosema na yule mtoto, wakamwambia abaki.

Tuseme sasa juu ya kazi yenyewe, maana karatasi ni mlango tu. Asubuhi msaidizi anapokea mtoto kwenye gari la shule. Kama mtoto anatumia kiti cha magurudumu, anajua kumhamisha bila kumuumiza na bila kuvunja mgongo wake mwenyewe. Wengine wanalishwa. Wengine wanapelekwa msalani na kusafishwa, hata wakiwa na miaka 15, na hapo heshima inajulikana: mlango unafungwa, habari haitoki nje. Siri ya mtoto inalindwa na sheria tangu 1974. Msaidizi anayepita sokoni akisema "mtoto wa fulani anajikojolea" anaweza kupoteza kazi. Sisi hapa tungekuwa wangapi bado kazini?

Darasani msaidizi hafundishi somo jipya kwa mawazo yake. Mwalimu anafundisha, yeye anarudilia, anapunguza, anaonyesha kwa vitu. Tena ana kaye ambamo anaandika: leo ameandika jina lake mara 4 peke yake, mara 2 kwa kusaidiwa. Ile kaye ndiyo inayoonyesha wazazi mwishoni mwa mwaka kama mpango ulienda mbele au ulilala.

Na iko ufundi ambao hatukuufikiria. Ni ufundi wa kungoja. Unamwuliza mtoto kitu, halafu unanyamaza. Unahesabu moyoni mpaka 5, hata 10. Asipojibu, unaonyesha kwa kidole tu. Bado? Unasema neno moja. Bado? Unafanya mbele yake aone. Mwisho kabisa ndipo unashika mkono wake. Na kesho unajaribu kuondoa kidogo: jana ulishika mkono, leo unaonyesha tu. Msaidizi mzuri anatafuta siku ambayo hatahitajiwa tena. Kazi ya ajabu kweli, kufanya bidii ili uachishwe!

Mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Vermont, Michael Giangreco, pamoja na wenzake, walikaa ndani ya madarasa wakitazama jambo hilo, na mwaka 1997 wakaandika waliyoyaona. Msaidizi akikaa siku zote ameshikamana na mtoto, mambo yanaharibika bila mtu kupenda. Mwalimu anaanza kumwacha mtoto, anawaza: huyu ana mtu wake. Wenzake hawamkaribii tena, kwa sababu mtu mkubwa amekaa kati yao. Na mtoto mwenyewe anajifunza kungoja: hafungui kaye mpaka afunguliwe. Ndiyo kusema msaada wenyewe unaweza kuwa ukuta. Tulisoma neno hili mara mbili tukakumbuka mambo ya hapa kwetu, tutayaeleza sasa hivi.

Mtu asiseme kwamba haya yote ni ya Wazungu. Iko jina moja ambalo shule za Waprotestanti zingepaswa kulijua vizuri. Andrew Foster alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa 1925 katika Alabama, na akiwa na miaka 11 ugonjwa wa meningite ulimziba masikio kabisa. Mwaka 1954 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata diploma katika Gallaudet, chuo cha viziwi kule Washington. Mwaka 1957 akafika Ghana kama misionari, akafungua shule ya viziwi, na toka hapo akaenda nchi kwa nchi, mpaka shule zikafika karibu 30 katika nchi 13. Kongo yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ilikuwa kati ya hizo. Tena hakungoja walimu watoke mbali: aliwakusanya vijana Waafrika, na wengi wao walikuwa viziwi wenyewe, akawafundisha Ibadan, Nigeria, wakarudi kwao kufundisha. Alikufa Desemba 1987, ndege yake ilipoanguka Rwanda, akiwa bado safarini kwa kazi hiyo. Ishara za mikono ambazo viziwi wa Kongo wanatumia leo zina mizizi katika zile alizozileta.

Kwa upande wa sheria, nchi yetu haikulala. Ilikubali mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ilipata sheria yake yenyewe ya kuwalinda. Haki ya kusoma imo ndani. Lakini sheria ya Kinshasa haifiki yenyewe mpaka kwenye banki ya tatu ya mwaka wa saba A. Hapa kwetu ile kazi inafanywa na dada wa mtoto, na binamu, na yule anayekaa naye banki moja. Hawana cheti, hawana mshahara, na hakuna aliyewaonyesha namna ya kufanya.

Basi tuseme juu ya ndugu yetu. Hatutaandika jina lake, ninyi nyote mnamjua, na yeye mwenyewe alituruhusu kueleza. Ana ualbino. Wengi wanafikiri ualbino ni ngozi tu. Ni macho vilevile: mwangaza unamuumiza, na vitu vya mbali havioni vizuri, hata akivaa lineti, kwa sababu lineti haziwezi kutengeneza yote. Toka mwezi wa kenda binamu yake wa kike alikuwa akikaa naye na kumnakilia kila kitu kilichoandikwa kwenye tablo. Sasa familia ya binamu inahamia Uvira mwishoni mwa mwezi. Baba wa kijana alikuja kwa Bwana Prefe kusema kwamba kama hakuna mtu, atamwondoa shuleni, afuge mbuzi. Alisema kwa huzuni, si kwa ukali. Na kijana huyu katika hesabu za kichwani alikuwa wa pili!

Tulipokaa sisi makapita kusema juu yake, palikuwa na maneno mawili. Wengine walisema: tumtafutie mtu mmoja mwenye roho nzuri, awe naye siku zote, amwandikie kila kitu, hata interogasioni. Wengine wakauliza: na siku ya ekzama mbele ya inspekteri? Tukamwita mwenyewe tumwulize, maana hapo mbele hakuna aliyemwuliza. Alijibu kwamba ana kaye 9 zilizojaa mwandiko wa binamu yake, mwandiko mdogo mzuri, na kwamba hawezi kuusoma.

Tulinyamaza wote. Kaye 9! Binamu alifanya kazi kubwa kwa upendo, hatumlaumu hata kidogo, lakini ndugu yetu alikuwa akisoma kwa masikio tu na usiku hakuweza kurudilia kitu. Huo ndio ukuta aliouona yule mwalimu wa Vermont.

Kwa hiyo tulipeleka mawazo yetu kwa Bwana Prefe, naye pamoja na walimu waliyakubali isipokuwa moja. Wasaidizi watakuwa watatu, kila mmoja juma lake, ili pasiwe na mtu mmoja wa kumfunga. Atakaa mbele, upande wa ukuta, si upande wa madirisha. Jua la saa 4 asubuhi linamkata macho. Ataruhusiwa kuvaa kofia ndani ya darasa, na hapa tunaomba wale wanaopiga miluzi waache. Mwalimu atasema kwa sauti anachoandika kwenye tablo, jambo ambalo litasaidia na wale wa banki za nyuma, tusifichane. Msaidizi hataandika mahali pake. Atamsomea polepole, na ndugu yetu ataandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa biki nyeusi inayoandika nene, katika kaye zenye mistari mipana. Kaye zitaisha haraka; kantini imekubali kutoa 6 kwa bei ya kununulia. Katika interogasioni ataongezewa nusu saa, na maulizo yake yataandikwa makubwa kwa mkono, kwa sababu mashini yetu ya stensili haiwezi kukuza herufi. Lile moja lililokataliwa ni kumsamehe ditado. Mwalimu wa Kifaransa alisema kwamba katika ditado hakuna tablo, ni masikio, na kijana ana masikio. Tukaona ana haki.

Mambo mengine madogo kwa darasa zima, si kwa wasaidizi tu. Ukimkaribia nje kwenye jua kali, taja jina lako, usingoje akutambue. Usimvute kwa mkono kwenye ngazi. Mpe kiwiko chako akishike yeye kama anataka. Ukiondoka, mwambie unaondoka, asibaki akisema na hewa. Na lile neno mnalomwita kwenye uwanja wa mpira, mnalijua, Bwana Dirdisi ameandika adabu yake: juma moja la kuchota maji.

Wasaidizi watafundishwa siku 2, Jumatano na Alhamisi nyuma ya masomo, na mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi aliyelea mtoto asiyeona. Ataonyesha namna ya kusomea mtu bila kumkimbiza, namna ya kungoja, na namna ya kuandika ile kaye ya kila juma. Mpaka leo waliojiandikisha ni wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja. Wavulana wa mwaka wa nane, mliosema kwa sauti kubwa siku ya mkutano, tunawangoja. Majina yapelekwe kwa katibu wa makapita mbele ya Ijumaa saa 6. Anayetaka kuisoma barua ya dada yote, aiombe pale pale. Isitoke nje ya ofisi, juu ya kwamba ukurasa wa tatu umeanza kupasuka.

Makapita wa wanafunzi,
kwa mkono wa kapita wa masomo, mwaka wa mwisho